Sumaku na Jiwe la Marehemu Majura

Nilikwenda Nansio kwa sababu ya jiwe moja jeusi lisilozidi kidole gumba, na kwa sababu jiwe hilo lilikuwa karibu kumtoa mama wa watu nyumbani kwake. Naliweka wazi hilo mapema, maana majirani zangu wa Butimba waliponiona natoka na begi linalogongana kama la fundi bomba walidhani nimeanza biashara ya vyuma chakavu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, Mhaya, na wanaonijua wanajua kwamba sipendi kabisa kuulizwa swali nisilokuwa na jibu lake. Safari hii niliondoka bila jibu.

Habari ilinifikia kwa simu, likizo ya mwezi wa sita ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Aliyepiga ni Tabitha, niliyemfundisha sekondari, ambaye siku hizi ni muuguzi kwao Ukerewe. Baba yake, mzee Majura, alifariki wakati wa mvua za masika. Ujanani mzee huyo alikuwa fundi wa mitambo ya meli. Alizunguka bandari za Afrika Magharibi, akakaa sana Kodivaa, kisha akarudi kisiwani, akaoa, akalima machungwa na mihogo mpaka mwisho wake. Huko alikokuwa alipewa jiwe na mtu mmoja aliyeliokota akiosha dhahabu mtoni. Alilifunga kwenye kitambaa, akaliweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, na hakupenda mtu aliguse.

"Ndugu zake aliwaambia lilianguka kutoka angani," Tabitha alisema. "Lakini mama yangu, baba alimwambia ni udongo. Udongo tu, kama wa shambani kwetu. Sasa mwalimu, hapo ndipo maneno yalipoanzia."

Yalianzia kwenye kikao cha ukoo, baada ya mazishi. Mama Tabitha, ambaye hajui kuficha kitu, aliulizwa marehemu alimwambia nini kuhusu lile jiwe, akajibu kama alivyoambiwa. Wazee wakatazamana. Mtu anayewaambia ndugu zake hili na mkewe lile ana jambo analificha. Ndipo kaka mkubwa wa marehemu, mzee Mafuru, alipotoa sumaku yake mfukoni. Mzee huyu alimalizia ujana wake kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, na wachimbaji wa kule hawatembei bila sumaku ya spika iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Wanaipitisha juu ya mchanga uliokwisha kuoshwa, mchanga mweusi wenye chuma unanasa kwenye nailoni, dhahabu inabaki chini. Tena alikuwa amesikia redioni habari za kimondo cha Mbozi, jinsi kilivyo chuma kitupu. Akaligusisha jiwe kwenye sumaku mbele ya watu wote. Halikunasa. Akaligeuza. Halikunasa.

"Sumaku haina ndugu," ndivyo alivyosema.

Basi halikuwa la angani. Na kila mwenye macho aliona kwamba si udongo, maana lilikuwa jeusi, gumu, linang'aa pale lilipobanduka. Kilichobaki ni kwamba ni kitu cha mganga, na marehemu alikuwa akifanya mambo gizani. Desturi ya ukoo ule ni kwamba kitu cha namna hiyo kinakwenda kuzamishwa kwenye maji marefu, na nyumba kilimokaa haikaliwi tena. Mama Tabitha angerudi kwao alikozaliwa, uzeeni, na jina la mumewe limechafuka nyuma yake. Neno la mwisho lingetolewa siku ya kumaliza matanga, Jumamosi ya wiki ile ile.

Niliuliza swali moja tu. "Tabitha, hilo jiwe lina umbo gani?"

Alifikiri. "Kama tone. Kama asali inayoning'inia kwenye kijiko kabla haijakatika."

Niliketi. Nilikuwa nimesoma juu ya vioo vinavyozaliwa kimondo kinapoipiga ardhi, na nilijua vingine huokotwa Kodivaa, lakini sikuwahi kukishika hata kimoja. Wala sikuwahi kumwona mtu yeyote aliyekishika. Nilimwambia nakuja, nikakata simu.

Kabla ya kuondoka nilikusanya vyombo. Sumaku niliing'oa kwenye kompyuta iliyokufa. Ni bapa, ndogo, lakini ile ya spika haioni ndani, na iliwahi kunibana kidole kikavilia damu. Nilikuwa na kipande cha mavi ya chuma, yale makapi yanayobaki pale wafua chuma wa zamani walipokuwa wakiyeyushia, na kigae cha kioo cheusi cha volkano kutoka Bonde la Ufa nilichopewa na mwalimu mwenzangu. Nikaongeza kipande cha chupa ya bia, ambacho kwa heshima ya mtaa wetu sitasema nilikiokota wapi. Halafu nikakata kandambili kuukuu vipande vipande, kama wavuvi wanavyokata maboya ya nyavu.

Ijumaa asubuhi, bandarini Mwanza, upepo ulikuwa umeshaamka. Nilipanda kivuko, nikatafuta nafasi pembeni, nikaegemeza begi kwenye ukuta wa chuma bila kufikiri. Tulipoanza kuondoka nikataka kulisogeza. Likagoma. Nilivuta, nikavuta tena, mpaka mama mmoja aliyekaa jirani na kikapu cha nyanya akacheka.

"Dada, begi lako halitaki kwenda Nansio," alisema.

"Lina kiburi kama mwenyewe," nikamjibu, na tukasaidiana kulibandua.

Kivuko kilipoyaacha mawe ya Mwanza, yale yaliyopandiana kana kwamba kuna mtu aliyachoka akayatua palepale, ziwa likafunguka. Nimeliona ziwa hili tangu utotoni, upande wa Bukoba, na bado linaninyamazisha. Maji yalikuwa yamekunjana kwa upepo mpaka upeo wa macho. Nilijaribu kuwaza tone la udongo ulioyeyuka likipaa juu kupita mawingu yote yale, likizunguka, likipoa, likirudi chini likiwa kioo. Nimewaeleza wanafunzi mambo makubwa maishani mwangu huku nikiwaza chakula cha mchana. Siku ile sikuwaza chakula. Nilishika begi langu kwa mikono miwili, na niliogopa, kwa sababu kama nimekosea mama yule angeondoka nyumbani kwake mbele ya macho yangu.

Mchana, Nansio, Tabitha alinipokea gatini. Tulipanda pikipiki mbili tukapita mashamba ya mihogo na mpunga, na pale barabara ilipokaribia ufuko niliona dagaa wameanikwa mchangani, weupe kwa mbali kama nguo zilizofuliwa. Nyumba ya marehemu ilikuwa na bati lililofifia rangi na michungwa mbele, imebeba matunda. Mama Tabitha alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Pole na upepo."

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na uso wa mtu ambaye kwa miezi hajalala vizuri. Aliniandalia ugali wa muhogo na sato, akasisitiza nile kwanza. Nilipomaliza kunawa alikwenda chumbani, akarudi na kopo. Hakulifungua mwenyewe. Alimpa Tabitha, naye akakunjua kitambaa.

Sijui niliseme vipi. Lilikuwa tone. Upande mmoja ulikuwa mnene na wa mviringo, upande wa pili umevutika ukawa mwembamba, na ngozi yake yote ilikuwa na vishimo vidogo. Nililielekeza dirishani. Pale kwenye ncha nyembamba mwanga ulipita, ukawa wa kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea. Nililigeuza tena na tena. Nilisahau kwamba kuna watu wanaonitazama, na nilipokumbuka nilikuta machozi yananilenga, mimi ninayewacheka wanaolia harusini.

"Mwalimu," Mama Tabitha alisema, "kesho ukiona halifai, usinionee huruma. Sema tu. Ninachotaka kujua ni kimoja. Kati yangu na ndugu zake, alimdanganya nani?"

Nikamwambia sijui bado. Alitikisa kichwa kama mtu aliyezoea jibu hilo, akaenda kunitandikia kitanda.

Jumamosi, jua lilipokwisha kupanda, ukoo ulijaa sebuleni. Wanaume walikaa kwenye viti na mabenchi, wanawake kwenye mikeka karibu na mlango wa ndani. Mama Tabitha alikaa peke yake kwenye kigoda. Mzee Mafuru alikuwa mbele, mrefu, mkavu, kofia gotini. Nilimwamkia kwa kupiga goti kidogo, kama inavyopasa.

"Marahaba," alisema. "Kumbe nshomile mwenyewe ndiye wewe." Ndivyo wanavyotutania Wahaya, kwamba tumesoma kupita kiasi na hatuchoki kuwakumbusha watu. "Umekuja kunifundisha sumaku? Mimi nimelala na sumaku mfukoni tangu wewe hujazaliwa."

"Nimekuja kuazima macho yenu, baba," nikasema. "Mimi nitashika, ninyi mtatazama."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. "Nikwambie jambo, mwalimu, ili usinione mbaya. Majura ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Kama alikuwa na kitu kibaya, sifurahi. Lakini nina wajukuu humu ndani, na nikinyamaza kikawadhuru, mzigo ni wangu mimi."

Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kumkasirikia, na sasa hasira yenyewe sikuiona.

Niliomba beseni la plastiki, likajazwa maji, likawekwa katikati ya sakafu. Nikaweka mavi ya chuma juu ya kipande cha kandambili, yakaelea. Nikasogeza sumaku. Kandambili ilikurupuka ikagonga ukingo wa beseni, maji yakaruka, na vicheko vikajaa chumba. Mzee Mafuru aliyatambua yale makapi ya chuma mara moja. Kisha nikaweka kigae cha volkano juu ya boya. Kilisitasita kidogo, kisha kikaja upesi hadi kwenye sumaku. Halafu kipande cha chupa. Nikasogeza sumaku mpaka karibu iguse. Chupa ilikaa palepale, haina habari na mtu.

"Sasa lile," alisema mzee Mafuru.

Nililiweka jiwe la marehemu juu ya boya lake, polepole. Nikaleta sumaku. Jiwe likageuka, likaenda upande mwingine kabisa.

"Limeikimbia," mtu mmoja alinong'ona nyuma, na nikasikia wanawake wakiguna. Nilimtazama Mama Tabitha. Alikuwa amefumba macho.

Ndipo nilipohisi shingoni mwangu kitu cha baridi, nikaelewa. Dirisha la upande wa ziwa lilikuwa wazi. Upepo ule ule ulionisumbua kwenye kivuko ulikuwa unasukuma boya.

"Naomba tufunge kila kitu," nikasema. "Milango, madirisha. Na naomba watu wasipumulie upande huu."

Walifunga. Chumba kikawa cha moto kama tanuri, watu wakawa wanajipepea kwa kofia mpaka Tabitha akawakataza. Tukangoja maji yatulie. Yalichukua muda. Nilishusha sumaku ukingoni, nikaibakiza umbali mdogo kutoka kwenye jiwe.

Hakuna kilichotokea. Maji yalikuwa kimya, jiwe kimya, watu kimya. Nilianza kutafuta kichwani maneno nitakayomwambia yule mama.

Kisha jiwe likasogea.

Lilisogea taratibu mno hata sikuamini. Mwanzo nilidhani ni macho yangu. Lakini pengo kati yake na sumaku lilikuwa linapungua, likapungua, na jiwe likafika, likagusa, likatulia hapo kama mtoto aliyefika kwa mama yake. Nikaiondoa sumaku nikaipeleka upande wa pili wa beseni. Tukangoja. Jiwe likageuza ncha yake, likaanza kuja tena.

Mzee Mafuru aliinuka kwenye kiti chake, akaja akaketi sakafuni, miguu yake mirefu imekunjwa, akanyoosha mkono. Nilimpa sumaku. Alifanya kama nilivyofanya, lakini kwa mkono uliotulia kuliko wangu, mkono wa mtu aliyezoea kungoja vitu vidogo. Alilipitisha jiwe beseni zima, mzunguko mmoja, halafu mwingine.

"Linakuja," alisema, kwa sauti ambayo sikuijua. "Linakuja, lakini halina haraka."

"Kuna chuma ndani, baba," nikasema. "Ila hakikukusanyika. Chuma kikijikusanya kikawa chembe, sumaku inakishika, kama kwenye mchanga wenu wa Geita. Kioo cha volkano nacho kina chembe, ndogo hazionekani, ndiyo maana kimekuja upesi. Lakini humu chuma kimeyeyukia kwenye kioo chenyewe, kama chumvi kwenye uji. Ipo uji mzima, huwezi kuiokota. Sumaku ya spika haina nguvu za kuita chuma kilichotawanyika hivyo."

"Na kwa nini hakikukusanyika?"

"Hakikupata nafasi."

Hapo ndipo niliposimulia. Niliwaambia kwamba Ghana, jirani na huko Kodivaa, kuna ziwa la mviringo. Miaka kama milioni moja iliyopita pale palikuwa nchi kavu, wala hakukuwa na mtu wa kuiita nchi. Kimondo kikashuka kikaipiga. Ardhi ya pale, mchanga na udongo na mawe, ikayeyuka kwa mara moja ikawa maji ya moto, na joto lilikuwa kali kiasi kwamba hata unyevu wa udongo wenyewe ulitoka karibu wote. Ile ardhi ya moto ikaruka juu kama maji unapotupa jiwe ziwani, ikapaa kupita mawingu, ikakatika matone. Matone yakapoa yakiwa yanazunguka hewani, upesi sana, chuma kikakwama kila mahali kilipokuwa. Mawe mengi ya volkano hupoa yametulia, na ndani yake yanahifadhi alama ya upande ilikokuwa kaskazini siku yalipopoa, mtu akiwa na vyombo anaweza kuusoma. Tone kama hili halihifadhi chochote cha kusomeka. Lilizaliwa likizunguka. Halafu yakanyesha, mbali, Kodivaa huko, hata baharini. Na pale kimondo kilipopiga pakabaki shimo, mvua zikalijaza, likawa ziwa.

"Ziwa?" mzee mmoja aliuliza. Watu wa kisiwani neno hilo haliwapiti hivihivi.

"Ziwa, mzee. Lina wavuvi mpaka leo."

Niliwaambia pia lisilopendeza, maana nisingeweza kulala nimelificha: kwamba sumaku peke yake haiwezi kuapa jiwe limetoka wapi. Sumaku imesema si chupa, si makapi ya wafua chuma, na halifanani na kile kigae cha volkano. Umbo la tone na vishimo vya ngozi vimeongeza neno lao. Na neno la marehemu kwamba alilipata Kodivaa, kwa mtu aliyekuwa akiosha dhahabu, limemalizia, kwa sababu huko ndiko yanakookotwa. Vyote pamoja, mimi sina shaka.

"Mwalimu." Ilikuwa Mama Tabitha. Alikuwa amefumbua macho. "Rudia hapo kwenye udongo."

"Ardhi iliyoyeyuka, mama. Udongo na mchanga wa pale pale chini."

"Kama wa shambani."

"Kama wa shambani."

"Kwa hiyo ni udongo."

"Ni udongo, mama."

"Na lilianguka kutoka angani."

"Lilianguka, mama."

Nilimwona mzee Mafuru akitazama beseni, midomo inacheza bila sauti. Alichovya mkono, akalitoa jiwe, akalikausha kwa ukingo wa shati lake. Kisha akainuka, akaenda mpaka kwenye kigoda, akainama.

"Shemeji," alisema, "mdogo wangu alinipa mimi nusu, na wewe akakupa nusu. Hatukukaa tukaziunganisha. Mimi nilichukua nusu yako nikaipigia nusu yangu, nikamwita mwongo kwenye msiba wake." Alimpa jiwe kwa mikono miwili. "Kaa kwako. Atakayesema uondoke aje aniambie mimi kwanza."

Wanawake wakapiga vigelegele. Milango ikafunguliwa, upepo ukaingia, na watu wote wakataka kulishika jiwe. Lilizunguka mkono kwa mkono, wazee kwa wajukuu, kila mtu akilipeleka kwenye mwanga aone kahawia ile kwenye ncha. Mzee mmoja alilipeleka sikioni akasikiliza. Sikumsahihisha. Siku ile hata mimi ningelisikiliza. Wali na kuku vilipoletwa, vilipoa kidogo kabla mtu hajakumbuka kula.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Tabitha alinisindikiza. Nilikuwa nimeamua kurudi kwa njia ya nchi kavu, nipitie Magu kumsalimia mama mkwe, kwa hiyo tulikwenda wote mpaka Rugezi, kwenye kivuko kifupi cha kuvukia Kisorya. Alininunulia machungwa ingawa alikuwa na shamba zima la machungwa, kwa sababu yale ya kwake aliyonipa yalikuwa yamekwisha kufungwa ndani ya begi, na alitaka nile njiani. Tulikaa kwenye benchi tukingoja. Hakuwa na ile sura ya mtu asiyelala, lakini hakuwa na furaha niliyoitegemea pia.

"Niliwaambia watu wote kwamba mume wangu hakuwa mwongo," alisema. "Mbele ya wazee. Mbele ya mchungaji. Nilimtetea kweli kweli."

"Najua, mama. Tabitha alinieleza."

"Lakini mimi mwenyewe sikumwamini." Alisema hivyo akiangalia maji. "Siku aliponiambia ni udongo, nikaona ananifanya mjinga. Jiwe jeusi linang'aa, udongo gani huo? Nikanuna. Naye akaona nimenuna, akalifunga, akaliweka kwenye kopo. Hakulizungumza tena, wala mimi sikumuuliza. Tumelala kitanda kimoja miaka yote hiyo, mwalimu. Nilisema moyoni, huyu ana kitu na ananificha. Kumbe alikuwa ananingoja nimuulize. Jana nimemwamini. Na hayupo wa kumwambia."

Nilimshika mkono. Tulikaa hivyo mpaka kivuko kikafika, naye akanisukuma nipande nisije nikaachwa.

Kutoka Kisorya basi lilipita Bunda, likashika barabara ya Mwanza. Jioni, tukikaribia Magu, pamba ilikuwa imelundikwa mbele ya nyumba, nyeupe, na akina mama walikuwa wamepanga mchele barabarani. Kwa dirisha niliona mtu ameinama shambani akipiga jembe, na vumbi linapanda kila anapopiga, linapanda kidogo, linarudi chini. Nilimtazama mpaka basi likampita. Ardhi ya kawaida kabisa, inayotufuata miguuni na kuchafua sakafu, niliwahi kuishika ikiwa imekwenda kule juu ikarudi. Mpaka leo nikifagia chumba changu nasimama kidogo, na mume wangu ananiuliza nina nini.

Darasani naendelea kufundisha kwamba majibu mawili yakipingana, moja lina kosa, kwa sababu mtihani unataka hivyo na mara nyingi ni kweli. Ila nimebadilika katika jambo moja. Mtu wangu wa karibu akiniambia leo hili na kesho lile, sinuni, wala simpimi kimyakimya moyoni. Naketi naye, nauliza, na namngoja anieleze angali hai.